Wekundu wa Bahari ya Malindi Watoka Wapi?

Marehemu babu yangu, aliyekuwa mvuvi wa Malindi, hakuwa na haja ya redio kujua kwamba mvua imenyesha Ukambani. Zama za kaskazi, akitoka kuswali Alfajiri, alipita pwani akatazama maji mekundu yakija kutoka mlango wa Sabaki. Akasema, "Mjukuu wangu, leo mshipi hautupwi. Samaki hauoni chambo." Nami nikidhani ndiyo desturi ya bahari tangu kuumbwa kwake.

Kumbe sivyo. Wataalamu walilitoboa tumbawe moja kubwa la Malindi, lenye umri wa miaka 300 hivi, wakalisoma tabaka kwa tabaka. Taarifa yao ya mwaka 2007 yaeleza kwamba kwa karne mbili udongo uliofika baharini ulikuwa mchache. Uliongezeka tangu mwanzo wa karne ya 20, zama za walowezi, ardhi ya bara ilipofyekwa na kulimwa kwa wingi.

Mto wenyewe ni mmoja, majina matatu. Huko juu, kusini mwa Nairobi na Ukambani, ni Athi. Ukikutana na Tsavo ni Galana. Ukifika kwetu ni Sabaki.

Basi siri iko wapi? Penye miti na nyasi, tone la mvua huvunjwa kasi na majani, likaanguka juu ya majani makavu, likanywewa na ardhi kupitia vitundu vya mizizi na wadudu. Maji hayo hujiweka chini, yakachuruzika mtoni pole pole hata wakati wa kiangazi. Pakiwa patupu, tone hutwanga udongo kama mchi, vitundu vikazibika, ardhi ikawa mfano wa sakafu. Maji hayana budi kukimbia, na hayakimbii peke yake. Mto hufurika siku chache, kisha ukanywea.

Wala tusidanganyane kwamba kila mti ni rafiki wa mto. Apandaye mikaratusi kando ya chemchemi amejichimbia ukame, kwa jinsi mti huo unavyokunywa.

Na si lazima watu wahame. Machakos, kati ya miaka ya 1930 na 1990, watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko katika mashamba yao ukapungua. Walichimba matuta ya "fanya juu": mtaro hukatwa kukingama mteremko, udongo wake ukatupwa upande wa juu, maji yakasimama yakazama. Kazi ya jembe na jasho, na akina mama ndio waliokuwa wengi katika makundi hayo.

Lakini bonde la mto ni kubwa kuliko Machakos, na Sabaki ungali mwekundu. Kaskazi iliyopita nilimpeleka mwanangu aone babu alipokuwa akifunga mashua. Tulipaona, mchanga mkavu mtupu. Bahari ilikuwa mbali mbele yetu, na tukatembea kitambo kabla ya kuyafikia maji.