Kuhesabu Pasipo Orodha: Uteuzi wa Sampuli na Vyanzo vya Upendeleo katika Utafiti wa Lubumbashi

Utangulizi

Utafiti wowote unaohusu watu wengi hulazimika kuwauliza wachache na kuwasemea waliobaki. Wachache hao huitwa sampuli. Makala haya yanaeleza jinsi sampuli zinavyoteuliwa na jinsi upendeleo unavyoingia katika takwimu, kwa kutumia mifano ya mji wa Lubumbashi na ya Kongo kwa jumla. Suala hili si la wanatakwimu peke yao. Mwanaisimu anayerekodi mazungumzo, mwanahistoria anayekusanya masimulizi na mwanasosholojia anayepita na hojaji, wote hukabiliwa na swali moja: ni nani aliyeachwa nje?

Kwanza inafaa kutofautisha makosa mawili. Kosa la nasibu hutokana na udogo wa sampuli, nalo hupungua kadiri idadi ya wanaohojiwa inavyoongezeka. Upendeleo ni kosa linaloelemea upande mmoja, na wingi wa majibu hauuponyi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon angeshinda urais. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya walioulizwa yalitoka kwa sehemu kubwa katika orodha za wenye simu na magari, na wengi wa walioandikiwa hawakujibu.

Tatizo la orodha

Sampuli nasibu ina sharti moja kuu: kila mtu katika jamii inayochunguzwa awe na nafasi inayojulikana ya kuteuliwa, na nafasi hiyo isiwe sifuri. Sharti hilo huhitaji orodha ya watu, ya nyumba au ya maeneo. Sensa ya kisayansi ya Kongo ilifanyika Julai 1984, nchi ikiitwa Zaire, na hadi mwaka 2024 haikuwa imefuatiwa na nyingine. Kabla yake, kati ya 1955 na 1957, utawala wa Kibelgiji ulifanya uchunguzi mkubwa wa demografia uliotumia sampuli ya takriban sehemu moja ya kumi ya wakazi wa koloni. Tangu 1984 Lubumbashi imepanuka sana, hasa katika komuni ya Annexe inayozunguka zile nyingine sita: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba na Ruashi. Anayegawa sampuli kwa uwiano wa 1984 huyapa maeneo ya kale uzito yasiostahili, na huwanyima sauti waliojenga pembezoni.

Orodha nyingine iliyo karibu ni ile ya mwajiri. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kurithiwa na Gécamines baada ya kutaifishwa, iliweka kumbukumbu nyingi za wafanyakazi wake, familia zao na kambi zao. Wingi wa kumbukumbu hizo unaweza kumfanya msomaji adhani kwamba maisha ya kambini ndiyo yaliyokuwa maisha ya mji mzima. Wauzaji wa sokoni, watumishi wa nyumbani na mafundi waliojitegemea hawamo. Tena, mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi chini ya mpango wa kuondoka kwa hiari. Orodha ya waliobaki kazini isingeweza kusema lolote juu yao, ilhali hao ndio waliokuwa wamebadilikiwa zaidi na maisha.

Njia za uteuzi

Penye orodha kamili, majina huteuliwa kwa kura, au kwa kufuata nafasi maalumu, kwa mfano kila jina la ishirini baada ya mwanzo uliopatikana kwa kura. Jamii ikiwa na tabaka zinazotofautiana, kama komuni za mji, kila tabaka huteuliwa peke yake ili hata lile dogo lisikose wawakilishi. Pasipo orodha ya watu, huteuliwa kwanza maeneo, kisha kaya ndani yake. Kuanzia miaka ya 1970 Shirika la Afya Duniani lilieneza njia ya vifungu 30 vya watoto 7 kila kimoja, yaani watoto 210, kwa kupima chanjo. Mdadisi alisimama katikati ya kijiji, akazungusha chupa au kalamu, akafuata upande iliouelekea. Njia hiyo ni nyepesi na haina gharama kubwa, lakini ina kasoro: nyumba za katikati hupata nafasi kubwa kuliko zile za mwisho wa njia.

Katika mitaa ya Lubumbashi kasoro nyingine hujificha ndani ya parsele. Tuseme barabara moja ina parsele 40. Katika 20, kila parsele ina kaya moja tu, ya mwenye nyumba. Katika 20 nyingine, kila parsele ina kaya nne: mwenye nyumba na wapangaji watatu. Jumla ni kaya 100, na kaya 60 ni za wapangaji. Mtafiti akiteua parsele kwa kura, kisha akahoji kaya moja iliyopatikana kwa kura katika kila parsele, wapangaji watatokea kuwa takriban 37 au 38 katika kila kaya 100 alizohoji, badala ya 60. Mdadisi akimhoji yule anayefungua lango, ambaye mara nyingi ni mwenye nyumba, wapangaji wanaweza kutoweka kabisa. Dawa ipo. Ama kaya zote za parsele zilizoteuliwa ziandikwe kabla ya kura, ama kila jibu lipewe uzito kulingana na idadi ya kaya zilizomo. Ndiyo maana idadi ya kaya katika parsele haina budi kuandikwa papo hapo, kwa kuwa baadaye haitapatikana.

Saa ya kupita nayo huchagua watu. Anayebisha hodi asubuhi hawakuti wachuuzi waliokwenda sokoni, wala wachimbaji walio migodini, wala wafanyabiashara waliokwenda Kasumbalesa. Akiwaruka na kuingia nyumba ya pili, atakuwa amepima maisha ya wanaoshinda nyumbani. Kurudi jioni, hata mara tatu, ni sehemu ya uteuzi wenyewe.

Lugha ya swali

Hata sampuli iliyo sawa huweza kuharibiwa na swali. Mara nyingi hojaji huandikwa kwa Kifaransa, na mdadisi huifasiri mlangoni kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kila mmoja kwa namna yake. Neno "kaya", lililozoeleka katika vitabu vya Tanzania, si neno la mitaa ya Katuba. Mtu akiulizwa idadi ya "batoto" wake, anaweza kuwahesabu watoto wa ndugu anaowalea, au kuwaacha waliofariki. Maswali ya asili na kabila yanahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu kumbukumbu ya kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai katika Shaba, mwaka 1992 na 1993, bado ni nzito. Anayehofu hukaa kimya au hujibu litakalompa usalama. Hapa wanafunzi wa Kiswahili wana kazi mahususi: kuandaa tafsiri moja iliyoandikwa, kuijaribu kwa wasemaji, na kuirudisha katika Kifaransa ili kuona kilichopotea.

Uzito wa makosa

Mfano mkubwa ni mjadala wa vifo vya vita. Uchunguzi wa kwanza wa International Rescue Committee, mwaka 2000, ulifanyika katika maeneo matano ya mashariki, mojawapo likiwa Moba katika Katanga. Baada ya chunguzi kadhaa, Januari 2008 shirika hilo lilitangaza vifo vya ziada milioni 5.4 tangu 1998. Wakosoaji walieleza kwamba maeneo ya chunguzi za awali hayakuteuliwa kwa nasibu, na kwamba kiwango cha vifo cha kabla ya vita kilichotumiwa, 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi, kilikuwa wastani wa Afrika kusini ya Sahara na pengine kidogo mno kwa Kongo. Kiwango hicho kikipandishwa kidogo, mamilioni hupungua. Wanademografia wa Ubelgiji André Lambert na Louis Lohlé-Tart, waliotumia sensa ya 1984 pamoja na uandikishaji wa wapiga kura, walifikia takriban vifo 200,000. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba waliokufa ni wachache, wala kwamba upande mmoja ulidanganya. Inaonyesha kwamba pasipo orodha ya walio hai, hata wafu hawahesabiki kwa uhakika.

Hitimisho

Sampuli isiyo ya nasibu si haramu. Mkusanyo wa masimulizi ya wafanyakazi au wa mazungumzo ya sokoni una thamani yake, mradi usisemwe kuwa ni sauti ya mji mzima. Kinachotakiwa ni kila ripoti itaje orodha iliyotumiwa na mwaka wake, namna kaya na mhojiwa walivyoteuliwa, saa za kupita, lugha ya swali na idadi ya waliokosekana au waliokataa. Msomaji akiyajua hayo, ataweza kupima takwimu kabla ya kuzitumia kujenga shule, kugawa dawa au kuandika historia.