Uwiano wa mgandamizo wa injini

Uwiano wa mgandamizo (mafundi wengi husema "kompresheni") ni ulinganisho kati ya ujazo wa silinda pistoni ikiwa chini kabisa na ujazo unaobaki juu yake ikiwa imefika kileleni. Injini yenye uwiano wa 7:1 hubana mchanganyiko wa hewa na petroli hadi sehemu moja ya saba ya nafasi yake ya mwanzo.

Mchanganyiko ukibanwa zaidi, sehemu kubwa zaidi ya joto la mwako hugeuka kuwa kazi. Katika hesabu ya mzunguko wa Otto, ufanisi hupanda kutoka takriban asilimia 54 kwa 7:1 hadi 56.5 kwa 8:1. Injini halisi hazifikii viwango hivyo, lakini mwelekeo ni uleule.

Mfano wa Land Rover

Injini ya petroli ya Land Rover ya lita 2.25, iliyotoka mwaka 1958, ina silinda 4 katika mstari mmoja na ujazo wa sm³ 2,286. Mwanzoni uwiano wake ulikuwa 7:1, uliofaa petroli ya okteni ndogo. Baadaye ilipatikana pia hedi ya 8:1.

Kila silinda ina takriban sm³ 571.5. Kwa 7:1 nafasi ya mwako ni sm³ 95. Kwa 8:1 ni sm³ 82 hivi. Kwa hiyo zinatakiwa kuondolewa sm³ 13 hadi 14, na njia ya kawaida ni kuchonga uso wa hedi kwa mashine. Kipenyo cha silinda ni mm 90.47, hivyo kina cha kuchonga ni mm 2 na ushei, au zaidi kama mdomo wa nafasi ya mwako ni mwembamba kuliko silinda. Ni heri kupima kuliko kukisia: hedi hulazwa chali, hufunikwa kwa kioo chenye tundu, kisha mafuta ya taa huingizwa kwa bomba la sindano lenye alama. Baada ya kuchonga, tapeti na taimingi hurekebishwa upya.

Kanda ya Ziwa

Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Geita, Kahama na Mwadui ziko juu zaidi. Huko kanieneo ya hewa ni kama asilimia 88 ya ile ya Dar es Salaam au chini kidogo. Injini hupata hewa pungufu na nguvu hupungua. Kuongeza mgandamizo hakurudishi hewa hiyo, bali huitumia vizuri zaidi ile iliyopo. Na kwa kuwa hewa ni nyepesi, hatari ya injini kugonga ni ndogo kuliko pwani. Gari lililorekebishwa Shinyanga linaweza kugonga likipelekwa Tanga na mzigo.

Kipimo cha kompresheni nacho husoma chini kuliko kitabu kinavyosema. Fundi asiyekumbuka hilo anaweza kufungua injini nzima bure.

Hatari

Mara nyingi uwiano hupanda bila mtu kukusudia. Injini ikichemka, hedi hupinda, nayo huchongwa ili inyooke. Ikirudiwa mara mbili tatu, nafasi ya mwako hupungua. Kugonga kunakofuata hutoboa pistoni na kuunguza gasketi. Kwenye dizeli hali ni mbaya zaidi, kwa sababu nafasi kati ya pistoni na valvu ni finyu tangu kiwandani. Toyota 1HZ, injini ya silinda 6 za mstari iliyoenea katika magari ya Land Cruiser, tayari ina 22.4:1. Huko hakuna faida ya kuongeza, na katika dizeli nyingi hedi iliyochongwa hufidiwa kwa gasketi nene zaidi.

Tangu mwanzo wa 2006 petroli yenye risasi imeachwa karibu kote kusini mwa Sahara. Risasi ilizuia kugonga na pia ilikinga viti vya valvu, hivyo wanaochonga hedi za zamani mara nyingi huweka viti vya chuma kigumu kwa safari hiyohiyo.