Picha ya dukani haifiki nyumbani

Mama aliyemletea fundi televisheni yake ya inchi 43 hakuwa na shaka kwamba ameuziwa mbovu. Boksi lilikuwa bado jipya na nailoni haijabanduliwa pembeni mwa kioo. Dukani ilikuwa inang'aa, alisema, lakini kuifikisha tu Mbagala, picha imepauka na nyuso za wasoma habari hazieleweki macho wala midomo. Fundi akaiwasha, akapima bodi, akakitazama kioo kwa kila pembe, akazima.

"Mama, hii haiumwi. King'amuzi umekiunganisha kwa waya gani?"

Ulikuwa waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, uliorithiwa kutoka kwenye TV ya chogo iliyokaa sebuleni kwake miaka yote. Tundu la HDMI kwenye king'amuzi lilikuwa halijawahi kuguswa. Fundi alimpa waya unaostahili, akamweleza pa kuuchomeka, na hakumtoza hata shilingi.

Nilikuwa pale kwa shughuli nyingine kabisa, lakini jambo lile lilinikaa kichwani. Fundi anasema haupiti mwezi bila kuletewa televisheni nzima inayodhaniwa kuwa mbovu. Hawa ni watu waliosubiri zamu yao ya upatu au kujinyima mwaka mzima, wakaenda dukani, wakachagua kwa macho yao wenyewe. Macho hayo hayo yakawakana walipofika nyumbani. Nikamwomba tufuatane hadi Kariakoo anionyeshe yanayotokea. Alikubali kwa sharti kwamba jina lake nisiliandike, maana wenye maduka ndio wanaompa kazi za matengenezo.

Dukani televisheni zilipangwa ukuta mzima, na juu yetu taa ndefu nyeupe zilikuwa zinawaka mchana kweupe. Zote zilikuwa zikionyesha filamu moja iliyochomekwa kwa flashi. Kasuku anageuza shingo polepole. Asali inadondoka. Chungwa linakatwa, maji yanaruka kwa mwendo wa taratibu. Halafu mji mkubwa usiku, majengo yote yamewashwa taa.

"Nitajie kitu hapo unachokijua," fundi aliniambia.

Sikukipata. Yule kasuku simjui, sijui kama kijani cha manyoya yake ndicho hicho au kimetiwa chumvi. Mji ule sijaufika. Hakuna anayekimbia, wakati kukimbia ndiko kunakozishinda televisheni nyingi za bei ya chini: mpira ukipigwa kwa nguvu unaacha mkia, na mchezaji anayechanja mbuga pembeni anakuwa ukungu wenye miguu. Hakuna chumba chenye giza. Na katika filamu nzima haikupita sura hata moja ya mtu mweusi aliyekaa ndani, jioni, chini ya balbu moja, ambayo ndiyo picha tunayoitazama kwenye tamthilia zetu kila siku.

Fundi akatoa flashi yake mfukoni. Ina vitu vitatu, navyo ndivyo vilivyonifanya niandike makala haya.

Cha kwanza ni mama yake. Amemrekodi kwa simu, kijijini, jua linazama, bibi amekaa kwenye mkeka anapepeta mchele. Fundi anaujua uso ule kuliko anavyoujua wake mwenyewe. Kwenye televisheni ya kwanza bibi aligeuka rangi ya chungwa. Kwenye ya pili upande wa uso ulioelekea kivulini ulitoweka wote, ukawa weusi mtupu, na makunyanzi yakaenda nao. Ya tatu, ambayo haikuwa ghali kuliko zote, ilimwonyesha bibi kama alivyo, hata nyuzi za ukili kwenye mkeka zilihesabika. Fundi alisimama mbele yake muda mrefu bila kusema neno.

Cha pili ni kipande cha mechi ya Simba na Yanga. Anachotazama si bao. Anatazama jezi nyekundu: je, mikunjo ya kitambaa inaonekana, au ni doa jekundu linalotembea? Kisha anatazama nyasi pale kamera inapofuata mpira kutoka lango hadi lango.

Cha tatu ni picha ya kijivu tupu, kioo kizima. Muuzaji alidhani flashi imegoma. Lakini juu ya kijivu hicho madoa ya kioo yalijitokeza, pembe moja nyeusi kidogo, michirizi ya kusimama katikati. Kasuku asingeyaonyesha kamwe.

Baada ya hapo akaomba rimoti. Televisheni ikiwashwa mara ya kwanza huuliza kama ipo nyumbani au dukani. Ikijibiwa dukani, taa za nyuma ya kioo hupandishwa hadi mwisho, rangi hukolezwa, na weupe huvutwa kuelekea ubuluu, kwa sababu jicho huudhani ubuluu kuwa usafi. Nyingi ukizirekebisha katika hali hiyo, baada ya muda hujirudishia zenyewe mng'ao wa dukani. Fundi aliibadilisha moja iwe ya nyumbani, akachagua mpangilio ulioandikwa "Movie". Ghafla ikaonekana ya manjano na mbovu kuliko jirani zake, na muuzaji akaja mbio akilalamika kwamba tumemharibia bidhaa. Fundi akamwomba asubiri, tuitazame ile moja tu. Macho yalipoizoea, nikageukia zile nyingine. Zilikuwa za buluu, na zinaumiza.

Kuna hesabu nyingine ambayo haiandikwi kwenye boksi. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, Desemba 31, 2012, tumehamia kwenye ving'amuzi, lakini chaneli nyingi bado zinarushwa kwa ubora wa kawaida: nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Televisheni ya 4K ina nukta 8,294,400. Kila nukta moja inayoingia inalazimika kuzaa 20, na 19 kati ya hizo ni za kukisia. Filamu ya kasuku ilirekodiwa kwa 4K, kwa hiyo dukani kioo hakikisii chochote. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni jambo jingine kabisa. Hata ule waya ambao fundi alimpa yule mama husaidia zaidi pale chaneli yenyewe inaporushwa kwa ubora wa juu.

Maandishi ya kwenye boksi nayo yasomwe kwa makini. Televisheni nyingi za inchi 32 zina kioo cha nukta 1366 kwa 768, lakini boksi linatangaza kwamba inapokea Full HD. Kupokea ni kweli inapokea. Kuonyesha, haiwezi.

Mwenye duka hakukasirika nilipomuuliza kwa nini asiziweke zote katika hali ya nyumbani. Alisema akipunguza yeye mng'ao na jirani yake asipunguze, mteja atavuka barabara. Namwelewa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini hapa nani amempotosha? Hakuna aliyesema uongo, na picha ile imetoka kwenye televisheni ile ile aliyoibeba mteja. Aliyeitengeneza ndiye aliyeweka hali ya dukani. Fundi nilipomuuliza, alitikisa kichwa tu.

Alichokuwa na hakika nacho ni madhara. Wengine hufika nyumbani wakaiacha televisheni katika mng'ao ule ule, na taa za ndani huungua mapema. Sauti inabaki, picha inapotea. Kwenye meza yake alinizimia taa ya chumba, akamulika tochi kioo cheusi, na watu wakaonekana kwa mbali wakitembea ndani yake. Picha ipo, taa ndiyo imekufa, na kubadilisha taa hizo ndiyo kazi inayomjia zaidi.

Ukienda kununua, beba flashi yenye uso wa mtu unayemjua na mechi uliyoitazama. Mwambie muuzaji aitoe kwenye hali ya dukani, kisha usimame pembeni, pale ambapo kwako huwa kuna kiti. Akikataa, nenda duka la pili. Na ninyi wenye maduka, ombi ni dogo: televisheni moja tu kati ya hizo zote iunganisheni na king'amuzi, iwekwe katika hali ya nyumbani, ili mteja aone atakachokitazama usiku huo huo.