Vitenzi vya Maneno Mawili: Kiingereza cha Kila Siku na Msemaji wa Kiswahili wa Bagamoyo

Kiingereza cha vitabu vya sekondari na Kiingereza cha wageni wanaotembelea magofu ya Kaole, Ngome Kongwe na makumbusho ya misheni ya Kikatoliki mjini Bagamoyo hutofautiana kwa jambo moja kubwa, nalo ni matumizi ya vitenzi vya maneno mawili. Hivi ni vitenzi vinavyoundwa kwa kitenzi cha kawaida, aghalabu kifupi, kikifuatwa na kijineno kama "up", "off", "out" au "on", ambacho kwa asili ni kielezi au kihusishi, lakini kikishaungana na kitenzi huweza kuigeuza maana yake yote. Mwanafunzi aliyesoma historia na baiolojia kwa Kiingereza huyajua vizuri maneno kama "postpone", "tolerate" na "investigate", kwa maana ya kuahirisha, kuvumilia na kuchunguza, ilhali mgeni katika mazungumzo ya kawaida huelekea kusema "put off", "put up with" na "look into". Kila kijisehemu cha maneno haya mwanafunzi amekijua tangu shule ya msingi, na bado maana ya jumla inaweza kumponyoka.

Kuwepo kwa jozi hizi kuna historia yake. Maneno marefu ya aina ya "tolerate" yana asili ya Kilatini, na mengi ya aina hiyo yaliingia kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, wakati vile vitenzi vifupi ni urithi wa lugha ya wenyeji, iliyo ndugu wa Kijerumani. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kutambua kwamba hapa ndipo mgeni anapopata taabu kubwa kuliko penginepo katika Kiingereza. Kijerumani nacho kina mtindo unaofanana na huu, kwani kitenzi "aufgeben", yaani kukata tamaa, huandikwa katika kamusi kama neno moja, lakini katika sentensi kijineno "auf" hukatika na kwenda kukaa mwisho, kama ambavyo Mwingereza husema "give up". Bagamoyo, iliyokuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, ilisikia vitenzi vya namna hiyo kabla ya Kiingereza kuwa lugha ya serikali, na mwana wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903, alikwenda Berlin kuwafundisha Kiswahili watu wenye lugha ya aina hiyo.

Jambo linalostahili kusisitizwa, na ambalo mwalimu wa Kiingereza pwani angefaa kuanza nalo, ni kwamba Kiswahili hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Pale ambapo Kiingereza huweka kijineno nyuma ya kitenzi, Kiswahili hubadili mwisho wa kitenzi chenyewe, na utaratibu huo ndio wanasarufi wanaouita mnyambuliko. Kutokana na "enda" hupatikana "endea", kama mtu anapoendea maji kisimani, ambapo Mwingereza angesema "go for", na hupatikana "endelea", ambayo ni "go on" bila kupungua wala kuzidi. Kutokana na "vaa" hupatikana "vua", kama ilivyo "funga" na "fungua", katika kauli ambayo wanasarufi huiita kauli ya kutendua, yaani ile inayobatilisha tendo la kwanza, nayo katika Kiingereza ni "put on" na "take off". Mfano ulio bora kuliko yote ni "ishiwa". Nahodha anayesema wameishiwa mafuta amechukua kitenzi "isha", akakipa kiambishi cha kutendea na cha kutendwa, na matokeo yake ni dhana ambayo Kiingereza huibeba kwa maneno matatu, "run out of". Asiyekuwa na mnyambuliko huu kichwani angelazimika kueleza kwa sentensi nzima, na hii ni hazina ambayo msemaji wa Kiswahili huja nayo darasani bila kuambiwa kwamba anayo.

Wala haifai kudhani kwamba upande wa Kiswahili maana hutabirika daima. Askofu Edward Steere, aliyechapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alieleza vitenzi vinyambuliwa kwa utaratibu, lakini hakuna kanuni inayoweza kumwambia mgeni kwamba "kumwonea" mtu si kuona kwa ajili yake bali ni kumdhulumu, au kwamba "aliyepitiwa" anaweza kuwa amesahau tu, au amechukuliwa na usingizi. Vivyo hivyo, kutoka "look" peke yake hakuna awezaye kukisia kwamba "look after" ni kutunza, "look for" ni kutafuta, "look up to" ni kuheshimu na "look down on" ni kudharau, ingawa hizi mbili za mwisho humpa msikilizaji fununu, kwa kuwa anayetazama juu na anayetazama chini wanaeleweka hata kwa Kiswahili.

Kanuni inayowakwaza wengi ni ile ya nafasi ya yambwa, yaani kitu kinachotendewa. Mwongozaji wa watalii anayewaomba wageni wavue viatu mlangoni mwa msikiti anaweza kusema "take off your shoes" au "take your shoes off", na yote mawili ni sahihi. Lakini akitumia kiwakilishi badala ya viatu, lazima kikae katikati, "take them off", na "take off them" ni kosa. Mswahili hana sababu ya kuishangaa kanuni hii, kwa sababu naye akisema "vivue" ameweka "vi" ndani ya umbo la kitenzi, mbele ya mzizi na nyuma ya kiambishi kingine chochote cha nafsi au wakati kilichotangulia. Hata hivyo si kila kitenzi hukubali kupasuliwa. "Look after the children" haipasuliki kamwe, na kiwakilishi hufuata mwisho, "look after them", kwa kuwa hapo "after" ni kihusishi kinachoshikamana na yambwa yake na si kielezi kinachoelea.

Mara nyingine Kiswahili cha pwani kinashinda kwa ufupi. Maji yanapokupwa, Kiingereza husema "the tide goes out", na yanapojaa, "comes in". Chombo kinapong'oa nanga, Mwingereza husema "set off". Mvuvi wa Bagamoyo au Saadani anayajua matendo haya kwa undani kuliko mwalimu yeyote wa lugha, na kijana anayewasafirisha watalii kwa mashua angejifunza haraka zaidi kama angepewa sentensi za kazi yake kuliko orodha ya vitenzi iliyopangwa kwa herufi.

Baadhi ya vitenzi hivi vimekwisha kuingia katika Kiswahili vikiwa nomino, navyo ni "pikapu", "lokapu" na "mekapu", ambamo sauti "apu" ni "up" iliyoganda ndani ya neno. Kiingereza chenyewe, kinapogeuza kitenzi cha aina hii kuwa nomino, huhamisha mkazo: gari huitwa "pickup" kwa mkazo wa silabi ya kwanza, ilhali anayesema "pick it up", yaani liokote, huukazia mkazo kijineno cha mwisho. Mswahili aliyezoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho huweza kukiacha kijineno hicho kipite bila kukisikia, ingawa ndicho kinachobeba maana, na kwa hiyo mazoezi ya kusikiliza sentensi zinazosemwa kwa kasi ya kawaida yanahitaji kutangulia mazoezi ya kuandika.