Unataka kujifunza kuruka na farasi Uingereza? Shida ni kumpata farasi

Agosti 2, 2024, Uingereza ilibeba dhahabu ya timu katika mchezo wa farasi kuruka viunzi, Olimpiki ya Paris. Lakini huko huko Uingereza, mtu anayetaka kuanza mchezo huo anahangaika kupata farasi wa kujifunzia.

Wengi hawaanzi na farasi wao. Wanalipia somo kwenye shule na kupewa farasi wa shule. Sasa shule zenyewe zinapungua: kwa mujibu wa British Horse Society, takriban 250 zilifungwa kati ya 2018 na 2023.

Kwa nini zinafungwa?

Gharama. Farasi wa kilo 500 anakula kama kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, wanafunzi wawepo au wasiwepo. Viatu vyake vya chuma hubadilishwa kila baada ya wiki 6 hadi 8. Ongeza bima, daktari wa mifugo, mishahara na kodi. Ukipandisha bei ya somo kila mara, wateja wanakimbia.

Mbona wa kuruka ndio adimu zaidi?

Kwa sababu kuruka kunachosha mwili. Farasi akitua, uzito wote unaangukia miguu ya mbele, na kano zinaumia. Ndiyo maana shule makini hazimrushi farasi mmoja somo baada ya somo. Akizeeka, anabakishwa kwenye masomo mepesi.

Kumpata wa kuziba nafasi yake si mchezo. Farasi huanza kupandwa akiwa na miaka 3 au 4, kisha anahitaji miaka mingine kuzoea. Wa shule lazima awe mtulivu hata mwanafunzi akivuta hatamu vibaya au akiyumba hewani. Farasi wa aina hiyo ndiye anayetafutwa pia na wazazi wenye hela, na shule haiwezi kushindana nao kwa bei.

Nani anaumia?

Mtoto ambaye kwao hawana uwezo wa kununua farasi. Kuna njia ya kuchangia gharama na mwenye farasi, kisha unampanda siku mbili tatu kwa wiki. Ila ni nani atamkabidhi farasi wake mtu ambaye hajawahi kuruka? Kuruka kwenyewe unafundishwa shuleni, juu ya farasi wa shule. Yaani yule yule anayeadimika.