Nasaba Isiyopita kwa Baba

Kule Rajasthan, bwana wa thikana, yaani milki ndogo ya vijiji vichache chini ya mfalme wa Kirajput, alikuwa na mtu wa kumkumbusha babu zake. Mtu huyo, Bhat au Charan kwa ukoo, alitunza nasaba na kuighani kwenye harusi na misiba. Jina la bwana lilipandishwa kutoka kwa baba kwenda kwa baba, mpaka likafika kwenye jua, mwezi au moto. James Tod, afisa wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, alikusanya habari nyingi za namna hiyo katika kitabu chake kilichotoka kati ya 1829 na 1832. Jua lenyewe halikuitwa kutoa ushahidi.

Watu wa pwani tusicheke sana. Tarehe ya Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya mji huo, nayo inatuletea mwana wa mfalme kutoka Shirazi, na kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo. Ukishuka kusini, habari za asili ya Lindi na Sudi ziliandikwa pia, na Mjerumani Carl Velten akazichapisha mwaka 1907. Humo wamo waungwana, mababa zao na safari zao. Lakini ukivuka Mikindani kuelekea Ruvuma karatasi zinapungua, na ukifika Mahurunga karibu zinakwisha. Mgeni aliyezoea nasaba za kwenye daftari angedhani watu wa huku hawana asili. Wanayo, ila inapita kwa mama.

Mahurunga ni kata ya Mtwara iliyo kando ya Ruvuma, karibu na mto unapomwaga maji yake baharini. Bondeni kuna mpunga, na viboko wanaoula mpunga huo; juu kidogo kuna mikorosho. Wenyeji wake wengi ni Wamakonde. Kwao milki ndogo iliitwa chirambo: nchi iliyofyekwa kwanza na ukoo fulani, litawa, chini ya mzee aliyeitwa mkulungwa. Mkulungwa hakuwa na ngome wala farasi. Alimwonyesha mgeni pa kulima, aliongoza tambiko, aliamua ugomvi. Nguvu yake ilikuwa kwamba watu wake ndio waliotangulia kushika shoka mahali pale. Asiyeridhika naye alibeba jembe lake akaenda kufyeka kwingine, na huko akawa mwanzo wa chirambo kipya. Bwana wa thikana kule Rajasthan angekosa usingizi kwa mpango huo.

Mkulungwa alipokufa, kiti hakikwenda kwa mwanawe. Kilikwenda kwa mdogo wake wa tumbo moja au kwa mpwa wake, mtoto wa dada. Mwana ni wa litawa la mama yake. Kwa baba yupo tu, anapendwa, analishwa, lakini hahesabiwi. Kwa hiyo katika nasaba ya chirambo mwenye kiti ni mwanamume, lakini uzi unaowashona hao wanaume ni dada zao. Mkulungwa asiye na dada mwenye watoto alikuwa na shida kubwa kuliko Mrajput asiye na mtoto wa kiume, kwa kuwa Mrajput aliweza kuasili.

Hata hadithi ya asili haisogei mpaka mwanamke apatikane. Karl Weule, Mjerumani aliyepita nyanda za Wamakonde mwaka 1906, aliichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1908. Mtu mmoja aliishi peke yake porini upande wa Mahuta, akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha usiku. Asubuhi ilikuwa mke. Wakashuka Ruvuma, mtoto wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru. Wa pili vilevile. Waliporudi juu, wa tatu akaishi. Tangu hapo wazee wakausia: msikae karibu na maji makubwa, huko kuna maradhi na mauti. Malaria ilikuwa imeelezwa vizuri kabla daktari yeyote hajaleta darubini. Na watu wa Mahurunga, kwa kufuata udongo wa mpunga, wakajenga palepale walipokatazwa. Sioni kosa, wali ni hoja nzito.

Serikali zilizofuata zilitafuta mfalme. Wajerumani waliweka maakida na majumbe. Waingereza, baada ya gavana Donald Cameron kupitisha sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926, walitaka machifu wa kutawala kwa niaba yao, nao Wamakonde hawakuwa nao. Basi baadhi ya wakulungwa wakakwezwa kwenye karatasi. Mpango ulipokwama, wakaletwa maliwali wa kuteuliwa na serikali. Mzee aliyekuwa akisikilizwa kwa sababu ya shoka la wajomba zake sasa alisikilizwa kwa sababu ya kodi, na wasikilizaji wakapungua.

Mto wenyewe nao ukagawiwa. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno waliufanya mpaka. Februari 1887 Wareno waliishambulia Tungi, usultani mdogo wa Waswahili upande wa kusini, wakamnyang'anya Sultani Barghash wa Zanzibar madai yake huko. Mwaka 1894 Wajerumani walivuka na kutwaa Kionga, kipande cha nchi ng'ambo ya mlango wa mto. Wareno wakakitwaa tena mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Kwa mtu mwenye mjomba ng'ambo, maana ya Versailles ilikuwa kwamba urithi wake sasa uko nchi nyingine.

Na mwishoni mwa miaka ya 1950, jirani na Mahurunga, huko Msimbati, Mwingereza Latham Leslie-Moore alitangaza kuwa pale ni nchi huru na yeye ndiye sultani. Katika pwani hii yote huenda yeye ndiye mwenye milki aliyekuwa na uhakika zaidi wa cheo chake.

India ilizifuta milki za Rajasthan kwa sheria ya 1952, tena kwa fidia, na wafalme wakubwa wakapoteza posho zao mwaka 1971. Tanganyika ilifuta uchifu mwaka 1963. Wakulungwa hawakulipwa kitu, maana kisheria hawakuwa na kitu. Kisha vikaja vijiji vya ujamaa, ambavyo kandokando ya Ruvuma vilikuwa pia ngao wakati vita vya ukombozi vya Msumbiji vikiendelea ng'ambo, na virambo vikachanganywa katika mistari ya nyumba.

Mwaka huohuo wa 1963 serikali iliandika sheria za mila, lakini za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Mila za upande wa mama zilibaki midomoni. Zingeweza kukaa hivyo muda mrefu kama si mkorosho. Muhogo unang'olewa, shamba linapumzishwa, litawa linagawa upya. Mkorosho unasimama miaka mingi baada ya aliyeupanda kulala. Baba anayeupanda na wanawe, wakimsaidia kupalilia na kuokota, hataki uende kwa mtoto wa dada yake anayeishi Mtwara mjini. Dini imempa hoja, maana Uislamu unamrithisha mwana, na bei ya korosho imempa sababu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataja halmashauri ya kijiji na hati ya kimila. Haisemi mjomba ni nani.

Kwa hiyo mti mmoja huwa na kesi mbili. Mwana anasema, baba aliupanda. Mpwa anasema, aliupanda kwenye ardhi ya nani? Wazee wakiitwa, swali lao la kwanza ni jina la mama wa marehemu.