Mgonjwa na Haki ya Kuelezwa

Tumfikirie mama Mkongo atokaye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Amefika hospitali mjini Mbarara, penye kilima cha Kamukuzi, naye hajui ila Kiswahili na lugha ya kwao. Aambiwa atie sahihi, apasuliwe. Je, ana haki ya kuelezwa kwanza?

Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Mama huyu si raia. Lakini Hati ya Haki za Wagonjwa, iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2009, humtaja mgonjwa: aelezwe ugonjwa wake na tiba inayokusudiwa, kwa namna atakayoielewa, ndipo aamue.

Hata hivyo, hati hiyo si sheria iliyopitishwa na Bunge. Utekelezaji wake hutegemea sana moyo wa mganga na kuwapo kwa mkalimani. Kwa maoni yetu, mkalimani si anasa. Ni sehemu ya tiba kama dawa. Mgonjwa atiaye sahihi asichokielewa hakukubali, amenyamaza tu.